Mtini Uliofunikwa kwa Milango

Saveria Trimboli alikuwa mwanamke wa hasira tangu usichana wake, na kijijini kwetu Kalabria, kusini mwa Italia, kila mtu alilijua hilo. Wakati wa kuokota zeituni, msimamizi wa shamba alipojaribu kuwapunja wanawake kwenye kipimo, wengine walinung'unika chini kwa chini. Saveria alilibeba kapu lake hadi mbele ya yule bwana, akalimwaga lote miguuni pake, akamwambia aziokote mwenyewe apime anavyotaka. Mama yake alilia, akiona binti huyu hatapata mume katika kijiji ambacho wote wanamfahamu.

Mume alipatikana mbali. Nicodemo alikuwa ameshavuka bahari, anachimba mitaro na kulaza mabomba huko Toronto, na hakuwa na nauli wala ruhusa ya kurudi kuoa. Basi harusi ilifungwa bila yeye. Kaka yake Saveria alisimama kanisani mahali pa bwana harusi, akatamka maneno na kumvisha dada yake pete. Miaka mingi baadaye Saveria aliendelea kutuchekesha kwa jambo hilo. "Nimeolewa na kaka yangu," alikuwa akisema, "mume nikaja kumkuta stesheni."

Mume aliyemkuta stesheni alikuwa mtu mpole, mrefu, asiyepandisha sauti. Saveria akifoka, Nicodemo alikaa akamsikiliza mpaka amalize, kisha akauliza kama chakula kimeiva. Walipendana sana, kwa namna yao. Walinunua nyumba nyembamba ya matofali, na mimi Nunziata na mume wangu Mico tukapanga ghorofa yao ya juu. Mico alikuwa mwoka mikate. Mimi na Saveria tulishona suruali kiwanda kimoja, tukienda na kurudi pamoja, kwa hiyo haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu.

Nyuma ya nyumba, kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, Nicodemo alikuwa na mtini. Alikuja nao kutoka kwao ukiwa kijiti tu, amekikata kwenye mti wa mama yake, akakifunga kwa kitambaa kibichi na kukilaza katikati ya mashati. Kijiti kikaota, kikawa mti wa kumzidi mtu urefu. Lakini mtini si mti wa nchi ile. Baridi ya Toronto huigandisha ardhi ikawa kama zege, na mtini ukiachwa umesimama wazi hadi Januari, ifikapo majira ya kuchipua utaukuta umekauka hadi shinani. Kwa hiyo kila mwaka watu wetu walizika mitini yao.

Ilikuwa kazi ya Novemba, baridi ya kwanza ikishapukutisha majani. Kwanza unayafunga matawi kwa kamba, taratibu, mpaka mti unakuwa kama mwavuli uliokunjwa. Kisha unakata mizizi ya pande mbili na kuiacha ya pande mbili nyingine, maana hiyo ndiyo itakayopinda. Unachimba shimo refu kuanzia shinani, urefu wa mti wenyewe. Halafu mmoja anavuta kamba, mwingine yuko chini kwenye mizizi anasikiliza. Akisikia mlio anasema simama. Mti ukishalala shimoni unafunikwa kwa mbao, ili uzito wa udongo usiuguse. Juu ya mbao yanawekwa mazulia makuukuu, majani makavu, udongo, na mwisho turubai. Mtu mmoja haiwezi kazi hiyo. Nicodemo alikuwa akiifanya na Bruno Scarfò.

Bruno alitoka kijiji kimoja na sisi. Walifika Toronto pamoja, wakalala chumba kimoja wakiwa makapera, wakaajiriwa na kampuni moja ya mitaro. Yeye alikuwa mchangamfu, alikijua Kiingereza, na kampuni ikamfanya nyapara. Agata, binti wa Nicodemo na Saveria, alipobatizwa, Bruno ndiye aliyesimama kuwa baba yake wa ubatizo. Kwa watu wetu hilo huwafanya watu kuwa ndugu kabisa. Kuanzia siku ile hawakuitana tena kwa majina. Waliitana kumpari, akiwa mwanamume, na kumari, akiwa mwanamke, na mkewe Bruno, Peppina, aliingia jikoni kwa Saveria bila kubisha hodi.

Mwaka ninaousimulia, Septemba ilikuwa ya mvua. Kampuni ilikuwa inalaza bomba la maji taka kaskazini ya mji, kwenye mashamba yaliyokuwa yanageuzwa mitaa, na mtaro ulikuwa na kina cha kumfunika mtu mara mbili. Udongo wenyewe ulikuwa ule wa mfinyanzi, ambao ukilowa hukatika kama jibini. Asubuhi moja ukuta wa mtaro ulimwangukia Nicodemo. Walipomfikia alikuwa amesimama wima, sepetu mkononi, udongo umempita kichwa.

Kwenye matanga wanaume wa kazini walikaa ukutani kofia mapajani, hawasemi. Aliyesema ni Cosimo Ierace, mkubwa wao wote kwa umri. Alimsogelea Saveria kumpa mkono wa pole, akainama kama anayembusu shavu, na mimi niliyekuwa nimekaa ubavuni mwake nikasikia. Alimwambia mbao za kuzuilia kuta za mtaro zilikuwa kwenye lori. Zilishinda kwenye lori. Hazikuteremshwa.

Saveria aliangalia upande wa pili wa chumba, ambako Bruno alikuwa amempakata Agata magotini na kulia kwa sauti kuliko ndugu wa damu.

Mwezi uliofuata tuliitwa kwenye uchunguzi wa kifo. Nilimsindikiza. Tulikaa mbele, na mkalimani akaketi nyuma yetu akitunong'oneza. Bruno alipanda, akashika Biblia. Aliulizwa kama kuta za mtaro zilikuwa na mbao. Alijibu, na mkalimani akatueleza: mbao ziliwekwa, marehemu aliziondoa mwenyewe ili apate nafasi ya kuzungusha sepetu, yeye nyapara alikuwa ameshamkataza zaidi ya mara moja.

Saveria alisimama. Alisema kwa lugha yetu, bila kupiga kelele, kwamba mtu huyu anadanganya na kwamba yuko mtu aliyeona. Walimwambia akae. Alisema tena. Askari akaja akamshika kiwiko, naye akaking'oa kiwiko chake mkononi mwa askari kwa nguvu hadi mkoba ukaanguka. Cosimo hakuwapo. Hakuna aliyemwita, na kampuni ilikuwa imeshawatangazia wanaume kwamba atakayetaka kuwa shahidi ajitafutie kazi kwingine. Ikaamuliwa kwamba Nicodemo amekufa kwa ajali, kwa uzembe wake.

Neno hilo la uzembe ndilo lililomvuruga. Kifo angeweza kukililia. Mume wake alikuwa mtu wa kukagua jiko mara mbili kabla ya kulala, mtu wa kumshika mtoto mkono hata uani. Tukiwa kiwandani, mashine zinavuma, nilimwona akiisogeza midomo, na nilijua anarudia neno lile lile. Alikonda. Alikuwa mkali kwangu, kwa Agata, kwa muuza maziwa. Jioni moja alivunja sahani, akaviokota vipande, akavivunja tena.

Novemba ikaingia, majani ya mtini yakapukutika, na mti ukabaki umesimama uani bila mwenyewe. Nilimuuliza kwa uangalifu tutaufanyaje. Akaniambia niache kumuuliza habari za mti.

Jumamosi asubuhi, kama kila mwaka, Bruno akaja. Alileta gari la kampuni hadi kwenye uchochoro wa nyuma, akashuka na sepetu na kamba. Nilikuwa uani naanika nguo. Saveria alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono ndani ya aproni. Bruno alivua kofia, akaeleza kwamba ardhi itaganda wiki ijayo, kwa hiyo amekuja kuulaza mti wa Nico. Mbao za zamani zilikuwa zimeoza, akasema, amezileta nyingine. Akaanza kuziteremsha na kuziegemeza kwenye uzio.

Zilikuwa mbao nene, ndefu, ncha zake zimepakwa rangi nyekundu. Ni alama ya kampuni ile. Kila mtu mtaani aliifahamu. Saveria akashuka ngazi. Alipitisha kiganja juu ya ubao mmoja, halafu wa pili, akazigeuza aone upande wa chini. Zilikuwa nyeupe. Hazikuwa na tope, wala tundu la msumari, wala mkwaruzo. Bado zilinukia utomvu.

"Umezitoa wapi?"

"Kazini. Zilibaki tu."

"Zilibaki kazi gani?"

Bruno akaangalia ule ubao, na hapo nadhani naye akaona alichokuwa amekileta. Alisema alitaka mti upate mbao nzuri, kwa heshima ya marehemu.

"Mti umeuletea mbao," Saveria akasema.

"Kumari, mimi..."

"Mti, Bruno." Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. "Mti ukilala shimoni unauletea mbao, udongo usije ukauumiza. Nico ulimpa nini?"

Alikuwa anaongea polepole, na hilo ndilo lililonitisha, maana Saveria niliyemzoea angekuwa ameshamrushia kitu. Bruno alizungusha kofia mikononi. Alisema alikuwa na amri. Wakubwa walitaka kipande kile kifukiwe siku ile ile, mvua ilikuwa imewachelewesha, naye akawaambia vijana washuke kwanza, mbao wataziweka wakishakula.

"Hayo mbona hukuyasema kule mbele ya hakimu?"

"Nina watoto, kumari."

"Na mimi nina nini, kuku?"

Bruno alifuta uso. Aliinamia mbao ili azirudishe garini. Saveria akaweka mguu juu ya rundo.

"Hizo ziache. Wewe nenda."

"Mti utakufa. Peke yako huuwezi, unajua huuwezi."

"Ukifa utakuwa umefia kwangu. Toka uani kwa Nico."

Akatoka. Alisahau sepetu, na Saveria akaitupa juu ya uzio ikaangukia uchochoroni nyuma ya gari.

Nilidhani sasa atalia, nikaacha nguo zangu nimkimbilie. Badala yake aliushika ubao wa kwanza kwa ncha moja akaniambia nishike nyingine. Tulizibeba zote, moja moja, kupitia upenyo wa kando hadi mbele ya nyumba, tukazisimamisha kwenye ukingo wa baraza, ncha nyekundu juu, zikitazama barabara. Kituo cha tramu kilikuwa hatua chache kutoka pale. Jumatatu alfajiri wanaume wa mitaro walisimama kusubiri tramu na mbao zile zikiwa mbele yao, nyeupe pee. Hakukuwa na haja ya kumweleza mtu.

Mti ulibaki umesimama. Aliyetuamsha ni Halyna, jirani wa upande wa pili wa uzio, mwanamke wa Ukraine aliyekuwa akifukia viazi na karoti zake ardhini kila mwaka na aliyekuwa akitucheka kwa kuzika mti. Alichungulia, akanusa hewa, akasema kwa Kiingereza chake kibovu, ambacho sisi wenye kibovu kama hicho tulikielewa vizuri, kwamba theluji ni kesho, na tunangoja nini, mwanaume? Saveria akamtazama. Halafu akaingia ndani akavaa viatu vya Nicodemo.

Tulikuwa wanawake watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifanya kazi ile. Tuliona ikifanywa, basi. Tulifunga matawi, tukakata mizizi, tukachimba. Saveria alichimba kama mtu anayepigana. Kila sepetu ilikuja na neno, na maneno yenyewe siwezi kuyaandika. Aliwataja wakubwa wa kampuni, mkalimani, askari, na mama zao. Shimo lilipofika kiunoni alisimama ghafla. Alizitazama kuta za udongo kushoto na kulia, akawa mweupe. Nilimpa mkono atoke. Akaukataa. Alibaki humo, akashika ukuta kwa kiganja, akasema si kwangu wala kwa Halyna:

"Alikuwa anausikia unavyokatika. Lazima aliusikia."

Kisha akaendelea kuchimba.

Tulipouvuta mti ulitoa mlio, na sisi hatukujua mlio upi ni wa kusimama. Tawi moja kubwa likapasuka kuanzia kwenye panda. Saveria alimfokea Halyna, Halyna akamfokea Saveria, kila mmoja kwa lugha ya kwao, kisha wakalifunga jeraha pamoja kwa kitambaa cha suruali kilichopakwa lami. Mti ukalala.

Ikaja habari ya kufunika. Mbao za zamani kweli zilikuwa zimeoza, zilimeguka mkononi. Nikasema, nikijua nitajibiwa nini, kwamba mbele ya nyumba kuna mbao nzuri. Saveria aliingia ndani na bisibisi ya marehemu, na baada ya muda akatoka amebeba mlango wa chumba chake cha kulala mgongoni. Akarudi akaleta wa chumba cha Agata. Akaleta wa stoo, wa kabati la nguo, na mwisho, tulipoona bado panabaki pengo, wa choo.

"Choo pia?" nikauliza.

"Tutaimba," akasema.

Na kweli tuliimba. Majira yale yote ya baridi nyumba ile haikuwa na mlango wa ndani hata mmoja. Chooni tulitundika shuka, na mume wangu Mico, mtu wa aibu, alianza kuimba akiwa bado ngazini ili kila mtu ajue anakuja. Baridi ilizunguka vyumbani ilivyotaka. Agata alilala na mama yake, na usiku mimi niliyekuwa juu nilisikia kila kitu cha chini: kikohozi, jiko, Saveria akiongea na mume wake kwa sauti ya ugomvi.

Padri alikuja kumtembelea. Alikunywa kahawa, akasifu biskuti, kisha akasema mbao zilizo barazani zinapanda chuki katika mtaa, na mwanamke Mkristo angeziondoa. Saveria alimwambia anashukuru kusikia kwamba zinafanya kazi. Peppina naye alikuja, amefunga kilemba hadi machoni. Aliomba mbao zirudishwe, maana kampuni imeshaanza kumuuliza Bruno habari za mbao hizo. Saveria alimwambia kampuni inajua zilipo, ije izichukue mchana, watu wakiona. Hakuja mtu. Theluji ikaanguka juu ya mbao, ikayeyuka, ikaanguka tena, na ncha nyekundu zikabaki zimechomoza.

Machi kazi za mitaro zikaanza upya. Cosimo Ierace alikuwa amezitazama mbao zile kila alfajiri tangu Novemba, akienda kwenye vibarua vya majira ya baridi. Alinieleza baadaye kwamba alifikia kupanda tramu kituo cha mbele zaidi, kwa kutembea kwenye theluji, asizione, na bado aliziona. Siku ya kwanza ya mtaro mpya Bruno alipowaambia vijana washuke, Cosimo aliketi juu ya rundo la udongo akatoa mkate wake. Bruno akamuuliza anafanya nini.

"Nakula," Cosimo akasema. "Si ulisema mbao zinawekwa tukishakula? Basi naanza kula mapema."

Wanaume wengine wakakaa. Cosimo alifukuzwa kabla ya jioni, na kesho yake hakuna aliyeenda kazini. Mgomo ukasambaa kwenye mitaro mingine, kampuni hii hadi ile. Walikutana kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na jioni moja Cosimo akaja kumchukua Saveria. Nilikwenda naye. Ukumbi ulijaa moshi na makoti yaliyolowa. Tuliketi nyuma, wanawake wawili tu katika umati ule.

Bruno alikuwa amesimama ukutani, peke yake, watu wameacha nafasi kumzunguka. Hakuna aliyejua kama amekuja kwa ajili ya kampuni au kwa ajili yake. Alipoomba kusema, walimzomea. Cosimo akawanyamazisha. Bruno akasogea mbele, na alipomwona Saveria alikaribia kurudi.

Alisema kwa lugha yetu, kifupi. Alisema Nicodemo hakuondoa mbao yoyote. Hazikuwekwa. Zilikuwa kwenye lori, na yeye Bruno ndiye aliyemwambia ashuke. Nico aliuliza mbao ziko wapi, na yeye akamwambia wewe shuka, kumpari, ni dakika chache. Kwa sababu aliyemwambia ni kumpari wake, Nico akashuka.

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Saveria. Nadhani wengi walingoja machozi, wengine walingoja msamaha, maana tulikuwa chini ya kanisa. Aliinuka akarekebisha skafu yake.

"Sasa kayaseme kwa Kiingereza," akasema.

Tukatoka. Alitembea kwa kasi hata nikashindwa kuandamana naye, na nilipomfikia kwenye taa ya barabarani niliona amekunja ngumi zote mbili ndani ya mifuko ya koti.

Bruno alikwenda. Hilo lazima niliseme, kwa kuwa ni kweli. Alikwenda ofisini kwa wale wa uchunguzi akasema kwamba aliapa uongo. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakamwambia wataangalia, na uchunguzi haukufunguliwa tena. Mahali fulani Nicodemo bado ameandikwa kuwa mzembe. Kampuni ilimfukuza Bruno siku hiyo hiyo, na hakuna kampuni nyingine ya mitaro iliyomchukua. Alimalizia maisha yake ya kazi akifagia ukumbi wa sinema. Mgomo ulipoisha, mbao zilianza kuwekwa. Angalau palipokuwa na wanaume wa kuzidai, ziliwekwa.

Saveria hakulainika. Watu waliomwambia kwamba sasa roho yake itulie aliwauliza kama Nico amerudi. Mbao alizitoa barazani Cosimo alipoanza kazi mpya, akampa awe nazo, akamwambia aziweke zinapotakiwa.

Aprili tulifukua mti. Milango ilikuwa imevimba na kupinda, haikuingia tena kwenye fremu zake bila kurandwa, na wa choo haukufunga sawasawa hadi nilipohama. Mti ulikuwa mweusi, umelowa, una harufu ya pishi. Saveria alipiga magoti akakwaruza gome kwa ukucha. Tawi lililopasuka lilikuwa limekufa. Alikwaruza lingine, na chini ya gome kulikuwa na kijani. Tuliusimamisha, Halyna akivuta kamba na kututukana, na mwishoni mwa kiangazi ulizaa tini chache, ndogo, tamu mno.

Alizigawa mtaa mzima. Kwa Peppina hakupeleka. Alimwita aje uani. Peppina alikuja akasimama chini ya mti, hajui aangalie wapi. Saveria alichuma tini akampa mkononi.

"Kula hapa hapa, mbele yangu," akasema. "Usibebe hata moja. Yule asionje."

Peppina akala, akilia, na Saveria akachuma nyingine akampa.

Ilikuwa hivyo kwa miaka. Kila Novemba tuliuzika mti sisi watatu, tukawa mafundi, hata wanaume wazee walikuja kutuuliza mizizi ikatwe upande gani. Agata aliolewa. Saveria akafika kuwa msimamizi wa chumba cha kushonea kiwandani, na wakubwa walimwogopa, maana akiona mlango wa dharura umefungwa kufuli alizima mashine zote.

Bruno alipokufa, Saveria alivaa koti lake jeusi akaja hadi kanisani, akasimama upande wa pili wa barabara. Misa ilianza, hakuingia. Jeneza likatolewa, bado amesimama pale pale, kwenye upepo. Peppina alimwona, akawaacha watu wake akavuka barabara, akamuuliza kwa nini hakuingia ndani na baridi yote hii.

"Ningeingia, ningesema," Saveria akajibu. "Na wewe ulikuwa unamzika mumeo."

Jioni, watu walipotawanyika, Peppina alikuja nyumbani kwa Saveria. Hakubisha hodi. Nilikuwa nimepita kuchukua sindano zangu, nikawaona wameketi jikoni wakimenya maharage kwenye bakuli moja, na Saveria uso wake umekunjamana kama siku zote. Nikatoka taratibu.